Uzi: Neno la sayansi likatwe kama kitenzi cha Kiswahili, kisha lisomwe kutoka mkiani

MWALIMU MWEMBENI (mleta uzi, Mtwara mjini)

Salaam wanajukwaa. Ninafundisha baiolojia na kemia jioni hapa Mtwara mjini, chini ya mwembe, kwa ubao mmoja uliochubuka na wanafunzi wanaoweza kufika kumi na watano siku ya jua, wakabaki wanne siku ya mvua. Naandika uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu na ambalo nadhani nimelipatia njia ya kulifundisha, ingawa njia yenyewe ina mashimo yake, na ningependa mnionyeshe yaliko.

Mtoto wa huku husoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi nzima, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimebadilishwa jina. Aliyejua barabara kwamba damu ina seli nyeupe na seli nyekundu anaambiwa kwamba sasa kuna lukosaiti na erithrosaiti, naye, kwa kuwa hakuna anayemwambia kwamba ni vitu vilevile, anadhani ameletewa viumbe wapya. Nilikuwa na binti mmoja aliyeyakariri majina hayo wiki nzima, akiyazungusha mdomoni kama tasbihi, na siku ya jaribio akayageuza: nyekundu akazipa kazi ya kupambana na vijidudu, nyeupe akazipa kazi ya kubeba oksijeni. Sikuweza kumlaumu, kwa sababu hakuna chochote katika sauti za maneno hayo kilichomwambia lipi ni jekundu na lipi ni jeupe. Au tuseme kilikuwepo, ila mimi ndiye niliyekuwa sijamwonyesha.

Siku ile niliacha somo, nikaandika ubaoni neno "waliotupikia", nikawaomba wanikatie vipande. Walilikata kabla sijashusha mkono: wa, li, o, tu, pik, i, a. Vipande saba, na kila kimoja wakaweza kusema kazi yake, huyu akisema "li" ni wakati uliopita, yule akisema "tu" ni sisi tuliopikiwa. Niliwauliza nani aliwahi kuwafundisha neno hilo zima ili walikariri. Hakuna. Hawakulijua kama neno. Walijua vipande, na vipande vikawapa neno.

Ndipo nikawaambia kwamba waliotunga majina ya sayansi walifanya hivyohivyo, ila vipande vyao walivichukua kutoka Kigiriki cha kale na Kilatini. Leukos ni eupe, erythros ni ekundu, na kytos ni chombo chenye uwazi ndani, neno ambalo wanasayansi walilifanya liwe na maana ya seli. Thrombos ni donge, na ndiyo maana thrombosaiti, zile tunazoziita chembe sahani, ndizo zinazohusika damu inapoganda kwenye jeraha. Yule binti alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelipanga: kama leuk ni nyeupe, lukemia ni weupe wa nini? Nikamwongezea kipande kimoja tu, haima, yaani damu. Akasema mwenyewe: damu nyeupe. Ndivyo hasa ugonjwa huo ulivyopewa jina katika karne ya 19, kwa sababu ni saratani inayoijaza damu seli nyeupe zisizo za kawaida.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijaona vitabu vyetu vikilisema, na ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Mwanafunzi wa Kiswahili akishapewa vipande huvisoma kwa mpangilio wetu, na hapo hukwama. Sisi kitu hukitaja kwanza na sifa yake baadaye: elimu ya maji, kipimo cha joto, uvimbe wa figo. Kigiriki hutanguliza sifa na kukiweka kitu chenyewe mwishoni, kwa hiyo hidrolojia, ukiifuata ilivyo, ni "maji-elimu", na nefritisi ni "figo-uvimbe". Dawa yake ni kulianza neno mkiani na kurudi nyuma, ukipachika "-a" unganifu katikati. Uvimbe, wa, figo. Wataalamu waliotutungia istilahi za Kiswahili walilijua hili vizuri. Wagiriki wana thermos, joto, kisha metron, kipimo. Sisi tukasema kipimajoto, kipima kikitangulia. Fotosinthesisi inaanza na nuru na kuishia na uunganishaji. Kiswahili kimeigeuza kikasema usanisinuru. Mwanafunzi akiyaweka majina hayo mawili sambamba huona kama mtu na kivuli chake kwenye kioo, kulia kumekuwa kushoto.

Mfano uliowafurahisha zaidi ulikuwa wa pweza. Wengi wa wanafunzi wangu ni watoto wa pwani, wameshawahi kwenda miambani maji yakitoka, na wanajua pweza anavyomng'ang'ania mtu mkono. Kundi lake linaitwa sefalopoda: kephale ni kichwa, na mkia wa neno unatokana na pous, mguu. Soma kutoka mkiani: miguu ya kichwani. Aliyewahi kumgeuza pweza akatazama ile minyiri inavyochipuka kuzunguka mdomo hahitaji maelezo ya ziada. Mkia ni uleule kwa konokono, gastropoda, ambaye gaster yake ni tumbo, maana hutembelea tumbo, na ni uleule kwa kaa na kamba, arithropoda, ambao arthron yao ni kiungo, kwa kuwa miguu yao imeungwaungwa. Makundi matatu, mkia mmoja, na kinachobadilika ni kipande cha mbele tu.

Siombi orodha ya mizizi mia mbili, kwa sababu nilizikuta mtandaoni na wanafunzi wangu walizikariri kama walivyokuwa wakikariri zile za kwanza, yaani bure. Naomba mifano kutoka kwenye kazi zenu.

MUUGUZI WA LINDI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, na naomba nianze na vipande viwili ambavyo nisingependa mtu yeyote anayeingia chuo cha afya avikose: hypo, yaani chini, na hyper, yaani juu kupita kiasi. Vikitamkwa kwa haraka vinatofautiana kwa irabu moja, na vina maana zinazopingana kabisa.

Jirani yangu mmoja ana mjomba mwenye kisukari anayetumia dawa. Siku moja mzee alianza kutetemeka na kutoka jasho jingi, wakapima kwa kile kipimo cha nyumbani, wakampigia simu kijana wao anayesoma mbali, naye akawaandikia kwamba hiyo ni haipoglaisemia. Aliyesoma ujumbe alisoma "haipa". Kwa kuwa alishasikia kwamba "haipa" ni kupanda, aliamuru chai ya sukari iliyokuwa imeshatengenezwa iondolewe mbele ya mgonjwa. Nilifika nikakuta kikombe kiko dirishani, kimepoa, na mzee anajibu maswali kwa shida. Bahati nzuri alikuwa bado anaweza kumeza. Neno lenyewe, ukilisoma kutoka mkiani kama anavyosema Mwalimu, ni damu, utamu, chini: sukari ya kwenye damu imeshuka. Tangu siku hiyo nawaambia ndugu wa wagonjwa wasahau Kigiriki na waandike "sukari imeshuka" au "sukari imepanda", kama ambavyo tayari tunasema presha ya kushuka na presha ya kupanda. Lakini mwanafunzi wa uuguzi hana ruhusa ya kusahau.

Kwake yeye nina ujanja mmoja. Mahali ambapo Kigiriki kilianza na "h", mara nyingi Kilatini kilianza na "s", kwa kuwa ni lugha zenye asili moja. Hyper ya Kigiriki ndiyo super ya Kilatini, hypo ndiyo sub, hepta ndiyo septem, yaani saba. Anayejua kwamba super ni ya juu hatachanganya tena.

Pia naona tusidhani kwamba majina haya yana heshima kuliko ya kwetu. Busha, ugonjwa ambao wanaume wengi wa pwani yetu ya Kusini wameuficha kwa aibu miaka mingi, kitabuni huitwa haidrosili: kele ni uvimbe, hydor ni maji. Uvimbe wa maji, basi. Wakati mwingine naona mgonjwa anavyonyooka mgongo akisikia jina la kitabuni, kana kwamba ugonjwa umepanda cheo.

MBISHI WA MASASI

Ndugu mleta uzi, nimesoma kwa makini na ninaheshimu kazi yako, lakini nina mashaka matatu na nitayasema bila kuzunguka.

La kwanza, vipande vinadanganya. Oksijeni, kwa vipande vyake, ni "kizalisha uchachu", oxys ikiwa ni kali au chachu na gen ikiwa ni kuzaa. Lavoisier, mkemia Mfaransa, aliipa jina hilo katika karne ya 18 akiamini kwamba kila asidi ni lazima iwe nayo, ilhali asidi ya hidrokloriki, ile inayopatikana hata tumboni mwetu, haina oksijeni hata chembe. Malaria ni "hewa mbaya" kwa Kiitaliano, na hewa haihusiki. Vitamini ilitungwa mwaka 1912 kutokana na vita, uhai, pamoja na jina la kundi la kemikali liitwalo amini, kisha ikaonekana kwamba vitamini nyingi, ikiwemo vitamini C, si amini. Mwanafunzi atakayejibu mtihani kwa vipande atapata sifuri, tena atastahili.

La pili, vipande vinafanana bila kuwa ndugu. Homo ya Kilatini ni mtu, homo ya Kigiriki ni sawa au moja. Ped ya Kilatini ni mguu, ped inayotokana na Kigiriki ni mtoto, ndiyo maana tiba ya watoto inaitwa pediatria na haishughuliki na nyayo. Mwanafunzi atajuaje?

La tatu, hiyo kanuni yako ya mkiani. Kiboko, ambaye tunaye mto Ruvuma, ni hipopotamasi: hippos ni farasi, potamos ni mto. Nikisoma kutoka mkiani napata "mto wa farasi". Nieleze.

MWALIMU MWEMBENI

Mkuu, nashukuru. Nianze na kiboko kwa kuwa ndiye mzito. Umenishika, na sina cha kukana: hapo kitu kimetangulia na sifa imefuata, kama sisi tunavyosema. Sababu ni kwamba Wagiriki wa zamani zaidi walikuwa wakimwita kwa kirai kizima, farasi wa mtoni, na kirai hicho ndicho kilichogandana baadaye kikawa neno moja. Kwa hiyo kanuni ya mkiani ni ya maneno yaliyoundwa kwa kuunganishwa, tena mengi yao yakiwa yameundwa na wanasayansi wa karne tatu zilizopita. Kwa jina la kale lililozaliwa sokoni au mtoni inaweza kukosea. Nitawaambia wanafunzi hivyo, na mfano nitakaowapa ni wa kwako.

Kuhusu vipande vinavyodanganya, ninakubaliana nawe kwa namna ambayo huenda hukuitarajia. Kipande hakikuambii kitu ni nini. Kinakuambia aliyekipa jina alidhani ni nini, au aliona nini kwanza. Oksijeni ina ndani yake dhana ya Lavoisier, na dhana hiyo ilikuwa na kosa. Mwanafunzi anayelijua kosa hilo amejifunza kemia zaidi ya yule anayeijua oksijeni kama sauti tu. Hata atomu, yaani "kisichokatika", tunaitumia kila siku huku tukifundisha protoni na elektroni zilizo ndani yake. Kipande cha "tom" ni kukata, na kimo pia katika anatomia, kazi ya kupasua mwili ili kuutazama. Watoto huliona hilo haraka na hucheka kwamba kisichokatika kimeshakatwa.

Kuhusu homo na ped nina jibu dogo na halitakuridhisha. Huwa natazama mwenzake neno. Kipande kikikaa na vipande vya Kigiriki, kuna uwezekano mkubwa kuwa nacho ni Kigiriki. Kikikaa na vya Kilatini, vivyo hivyo. Tahajia za Kiingereza husaidia pia, kwa sababu Kigiriki huacha nyayo: p na h zikikaa pamoja na kutamkwa f, c na h zikitamkwa k, au neno linapoanza na p isiyotamkwa mbele ya s au n. Lakini ziko chotara nyingi, na chotara hawafuati sheria ya mtu.

Kuhusu kukariri, sitoi orodha. Kwangu mzizi husubiri neno la pili. Siku wanafunzi wanapokutana na jiografia simwambii mtu chochote. Siku nyingine tunaposoma kaboni tukafika kwenye grafiti, yale madini ya kinywe yanayopatikana Ruangwa, nawauliza ni wapi walishaisikia "graf". Mtu atasema jiografia, na mwingine ataikumbuka fotografia. Hapo ndipo nasema graphein ni kuandika au kuchora: kuichora dunia, kuchora kwa nuru, na jiwe la kuandikia, kwa kuwa kinywe ndicho kilichomo ndani ya penseli mnayoitafuna. Jina hilo grafiti ilipewa na Werner, Mjerumani, mwaka 1789. Mzizi uliofika na maneno matatu hausahauliki. Uliofika peke yake katika orodha haukai hata siku mbili.

MKOROSHO TANDAHIMBA

Mimi ni mkulima na nimewahi kuhudhuria mafunzo ya ugani, kwa hiyo nitachangia upande wa shambani.

Viuatilifu tunavyonunua vina majina yanayoishia na "saidi", na bwana shamba alitueleza kwamba mkia huo unatokana na kitenzi cha Kilatini caedere, chenye maana ya kukata na pia kuua. Insektisaidi ni ya wadudu, fangisaidi ni ya kuvu, habisaidi ni ya magugu. Niliposoma maelezo ya Mwalimu ndipo nilipoona kwamba Kiswahili kimeyageuza yote: kiuadudu, kiuakuvu, kiuagugu. Muuaji ametangulia, muuawa amefuata. Nimeyasema maneno haya miaka mingi bila kuliona hilo.

Jambo la pili ni mkorosho wenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Anacardium occidentale. Cardium ni ile kardia ya Kigiriki, moyo, kipande kilekile cha daktari wa moyo, kwa sababu ya umbo. Na occidentale ni Kilatini, wa magharibi, kwa kuwa mti huu asili yake ni Brazili kabla Wareno hawajauleta pwani zetu. Ukitaka kuuona moyo wenyewe usitazame korosho iliyobanguliwa. Shika bibo bivu mkononi, korosho ikiwa bado inaning'inia chini, uone lilivyopanuka chini na kusinyaa juu kwenye kikonyo. Ni moyo uliogeuzwa.

Na ugonjwa unaotutesa wakati wa maua, ubwiriunga. Wataalamu kwa muda mrefu walikiita kivimelea chake Oidium anacardii. Oidium inatokana na neno la Kigiriki la yai likiwa katika hali ya udogo, yaani kijiyai, kwa jinsi mbegu zake zinavyoonekana kwa hadubini. Sisi wakulima, ambao hatukuwa na hadubini, tuliona unga mweupe juu ya maua, tukakiita unga. Mwenye hadubini aliona yai, asiye nayo akaona unga, na wote wawili wakatunga jina kwa walichokiona. Salfa tunayopuliza haijali ni jina lipi.

MZALIWA WA NEWALA

Naona uzi unaelekea kana kwamba kazi yetu ni kupokea tu. Ngoja nilete neno lililotoka kwetu likaingia katika vitabu vya dunia nzima.

Mwaka 1952 na 1953 ulizuka ugonjwa wa homa katika uwanda wa juu wa Makonde, Newala na vijiji vinavyouzunguka. Ulikuwa unawaumiza watu viungo kiasi kwamba mtu anatembea amejikunja, hawezi kunyoosha mgongo wala magoti. Wenyeji waliuita chikungunya. Madaktari waliouchunguza, Robinson na Lumsden, waliandika taarifa zao mwaka 1955 na hawakutafuta Kigiriki. Walichukua neno walilolikuta. Leo linaandikwa hivyohivyo India, Brazili na Ufaransa, na mara nyingi nimekuta limeandikwa kwamba ni neno la Kiswahili. Si Kiswahili, ni Kimakonde, na linatokana na kitenzi chenye maana ya kujikunja na kujipinda.

Likateni basi. "Chi" ya mwanzo ni ndugu wa "ki" ya Kiswahili, ile ya kitu, kiti na kisukari. Kinachobaki ni kile kitenzi. Kwa hiyo ni "kile kinachokunja". Linganisheni na jina la mbu anayekibeba, Aedes aegypti, ambaye Aedes yake ni Kigiriki chenye maana ya asiyependeza. Huyo aliyekaa na kamusi alituambia kwamba mbu hapendezi, jambo ambalo kila mtu analijua. Bibi zetu walitaja dalili yenyewe, na daktari yeyote anayejua Kimakonde angeweza kuanza kumchunguza mgonjwa kwa jina hilo tu.

MBISHI WA MASASI

Hapo sibishi. Ila mtambue kwamba hata "gesi" inayotoka Mnazi Bay na Songo Songo ni neno lililobuniwa mezani: van Helmont, mtu wa Flanders wa karne ya 17, alilipata kutokana na khaos ya Kigiriki, yaani vurugu tupu isiyo na umbo. Na methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ina ndani yake methy, mvinyo, na hyle, mti, kwa kuwa wakemia wawili wa Ufaransa katika miaka ya 1830 walikuwa wakishughulikia spiriti inayopatikana kwa kuchoma kuni ndani ya chombo kilichofungwa. Gesi ya Mtwara haina mvinyo wala mti. Mwalimu atasema hiyo ni historia ya aliyetoa jina, nami nitakubali kabla hajasema.

MTU WA TENDAGURU

Nashangaa tumefika hapa bila mtu wa Lindi kuutaja mlima Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walifukua huko mifupa ya dinosaria, na wazee wetu ndio waliochimba na kuibeba kwa miguu, siku kadhaa njiani, hadi bandari ya Lindi ili ipelekwe Berlin. Majina ya wanyama hao ni darasa zima la jambo tunalolijadili.

Dinosaria lenyewe lilitungwa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842: sauros ni mjusi, deinos ni wa kutisha. Mjusi wa kutisha. Mbishi atasema, na ni kweli, kwamba dinosaria hawakuwa mijusi. Lakini mkia huo "saurus" ukishaujua, majina ya Tendaguru yanafunguka moja baada ya jingine. Kentrosaurus ni mjusi wa miiba, na kweli alikuwa na miiba mirefu kuanzia mgongoni hadi mkiani. Elaphrosaurus ni mjusi mwepesi. Dicraeosaurus ni mjusi wa panda, kwa kuwa miiba ya pingili zake za uti wa mgongo imegawanyika kama panda ya manati. Ninayempenda zaidi ni Dysalotosaurus: dys ni shida, halotos ni wa kukamatika. Mjusi asiyekamatika kirahisi, nao walimkamata akiwa mifupa.

Jina la pili la mnyama nalo lina kanuni yake, na hapa Kilatini ndicho kinachotawala. Mkia wa "-ensis" ni "wa mahali fulani", kwa hiyo Tendaguria tanzaniensis, aliyepewa jina mwaka 2000, ni wa Tendaguru na wa Tanzania. Mkia wa "-i" ni "wa mtu fulani", sawa na "-a" yetu ya kumilikisha. Kwa miaka mingi watu waliotajwa hivyo walikuwa Wazungu. Kisha mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii. Bohetii ni "wa Boheti": Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji pale kilimani. Australis ni Kilatini, ya kusini. Dokos ni Kigiriki, boriti. Ukilisoma jina la kwanza kutoka mkiani, kisha ukaongeza la pili, unapata Boriti ya Kusini ya Boheti. Mtu wa Lindi anajua boriti ni nini, ameziona za mikoko zikishushwa kutoka mashuani, na anajua pia kwamba nchi nzima inapotuita "watu wa Kusini" mara nyingi si kwa kutusifu. Kuiona Kusini hiyohiyo imekaa ndani ya jina la kitaalamu pamoja na jina la mtu wetu kulinifanya nilisome jina lile mara kadhaa.

MWANAFUNZI WA KIDATO CHA TATU

Shikamooni nyote. Mwalimu, naomba kuuliza. Kwenye kitabu chetu kuna picha ya dinosaria anayeitwa Diplodocus. Kama dokos ni boriti, na daipoloidi tulifundishwa ni seli yenye seti mbili za kromosomu, je, Diplodocus ni boriti maradufu? Nimeitazama picha yote na sijaona boriti yoyote, wala moja wala mbili.

MWALIMU MWEMBENI

Marahaba, mwanangu. Umepatia, na hakuna aliyekufundisha neno hilo. Diplos ni maradufu, na huyo mnyama wa Amerika Kaskazini alipewa jina na Marsh, Mmarekani mtafiti wa visukuku, mwaka 1878. Yule Boriti ya Kusini alikuja kuitwa kwa kumfuata yeye, kwa sababu alipopewa jina alidhaniwa kuwa wa ukoo huo. Hukuziona boriti kwa sababu picha yenu imemchora akiwa na ngozi, na kwa sababu umeanza kumtazama kichwani, kama kila mtu anavyofanya. Aliyempa jina alikuwa anatazama vijifupa vilivyopangwa chini ya pingili, kila kimoja kikiwa na vipande viwili, kimoja kimeelekea mbele na kingine nyuma. Chukua kitabu chenye picha ya mifupa mitupu, anzia mkiani.